Dawa Haikuwa Feki: Jibu kwa Mkulima wa Mpunga wa Witu

Msomaji wa Witu ameniandikia hivi:

"Bwana Shamba, shikamoo. Nalima mpunga ekari mbili bondeni. Kabla ya kupanda nilipuliza dawa ya magugu ya glifosati, majani yakawa manjano, baada ya wiki mbili yakarudi kijani. Masika yalipokolea nikamwaga mbegu. Siku ya 24 nikapuliza propanili, na kwa kuwa niliona funza wa mashina nikatia na klorpirifosi humo humo kwenye pampu nimalize kazi mara moja. Siku ya tatu mpunga ukaungua kama umemwagiwa maji moto. Ndago zimebaki, na kuna nyasi nyingine zafanana na mpunga wenyewe ambazo hazikuguswa. Sasa mpunga una siku 38. Nimeuziwa feki mara mbili. Niambie, dawa kali ya kweli ni ipi?"

Marahaba, dada. Pole kwa mpunga, na pole kwa pesa. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ningependa kukwambia kwamba mwenye duka amekudhulumu, maana hapo ungekuwa na mtu wa kwenda kugombana naye. Lakini kwa ulivyoeleza, naona chupa zote mbili zilikuwa na dawa ndani. Ya kwanza naona iliharibikia kwenye maji kabla ya kufika shambani. Ya pili uliichanganya na kitu ambacho haikai nacho. Na hizo ndago, pamoja na nyasi mfano wa mpunga, hata ungepewa propanili iliyotoka kiwandani jana zingebaki pale pale.

Nianze na mpunga kuungua. Propanili huingia kwenye jani la mpunga na jani la nyasi sawasawa. Mpunga unapona kwa sababu jani lake lina kimeng'enya kinachoivunja ile dawa kabla haijaleta madhara, na nyasi nyingi hazina cha kutosha. Hiyo ndiyo siri yote ya dawa hii. Sasa dawa za wadudu za kundi la organofosfeti, na klorpirifosi imo humo, hukizuia kimeng'enya hicho kisifanye kazi. Za kundi la kabameti hali kadhalika. Ulipozitia pampu moja, mpunga wako ukawa nyasi kama nyasi nyingine, ukaungua nazo. Wala si lazima zikutane ndani ya pampu: lebo za propanili hukataza dawa hizo za wadudu kwa siku 14 kabla na siku 14 baada ya kupuliza. Maandishi yenyewe ni madogo, najua, na mara nyingi yako upande wa ndani wa karatasi inayokunjuliwa. Mimi nimeshawaona watu waliosoma vyuo wakiitupa ile karatasi pamoja na kifuniko.

Usiung'oe mpunga bado. Kata mashina kama kumi kutoka sehemu mbalimbali za shamba, uyapasue kwa wembe kuanzia chini kabisa, pale yanapotokea mizizi. Ukikuta moyo wa shina ni mweupe na mgumu, mpunga uko hai na utatoa jani jipya. Ukiwa wa kahawia na unateleza, shina hilo limekwisha. Kwa kawaida propanili huchoma majani yaliyopulizwa tu, na moyo hubaki. Kwa kuwa zimepita wiki mbili, huenda jani jipya umeshaliona. Kama bado, usikimbilie urea ukidhani utauamsha. Mpunga uliojeruhiwa hauli mbolea, zitakula ndago. Subiri majani mawili mapya yafunguke ndipo utie, na utie kidogo.

Sasa glifosati. Hukusema maji uliyateka wapi, ila bondeni wakati kama ule watu huteka mferejini au kwenye dimbwi lililo karibu, kwa sababu nani atabeba ndoo kutoka nyumbani? Shida ni kwamba glifosati hushikamana na udongo wa mfinyanzi. Ndiyo maana ikianguka chini haiendelei kuua mbegu zinazoota baadaye. Ukiichanganya na maji ya tope hushikamana na tope ndani ya pampu, na kile unachopuliza kimebaki na nguvu kidogo tu. Majani yanakuwa manjano, yanakaa wiki mbili, yanarudi. Kama ulivyoeleza. Jaribu hivi: tia shilingi ndani ya ndoo iliyojaa maji. Ukiiona chini bila kukodoa macho, maji yafaa. Usipoiona, acha.

Na huku kwetu pwani kuna balaa la pili ambalo wenzetu wa bara hawalijui sana: maji ya visima vya mawe ya matumbawe. Kisima chaweza kuwa safi kama kioo na bado maji yake yakawa magumu, sabuni haitoi povu, birika linaota ukoko mweupe ndani. Ile chokaa huikamata glifosati, na huikamata pia 2,4-D, dawa ya magugu ya majani mapana, ile ya chumvi ya amini. Dawa yake ni maji ya mvua. Kama nyumbani mna jabia au tangi, teka humo. Kama hakuna, tia kwanza mbolea ya SA (salfeti ya amonia) kwenye maji, gramu 200 hadi 400 kwa pampu ya lita 20, uikoroge iyeyuke yote, uichuje kwa kitambaa, ndipo utie glifosati. Ukitanguliza dawa ukaja na SA baadaye, chokaa itakuwa imeshaikamata.

Feki zipo, sikatai. Angalia muhuri wa chupa, tarehe, na namba ya usajili ya PCPB, ile bodi inayosajili dawa za wadudu na magugu Kenya, na uangalie kwamba lebo inataja mpunga kwa jina. Orodha ya dawa zinazoruhusiwa Kenya hubadilika, kwa hiyo dawa niliyokusifia leo uihakikishe siku ya kununua.

Tuje kwenye swali lako la dawa kali. Neno "kali" ndilo linalotupoteza. Propanili ni dawa ya kugusa: inaua jani lililolowa, haishuki mizizini, haibaki ardhini. Inafaa nyasi changa za majani mawili au matatu. Siku ya 24, katika shamba la kumwaga mbegu lililopata mvua, nyasi zilizoota siku moja na mpunga zimeshapita hapo, nyingi zimeanza kutoa machipukizi ya pembeni. Hata bila klorpirifosi ungeua nusu. Ndago nayo ina viazi chini ya ardhi. Unachoma jani, kiazi kinatoa jingine. Ndiyo maana kabla ya kuuliza dawa ni ipi, nakuomba uingie shambani asubuhi na mapema uning'olee magugu matatu, moja moja, pamoja na mizizi yake.

La kwanza libiringishe shina lake kati ya kidole gumba na cha shahada. Likiwa na pembe tatu, hilo ni jamii ya ndago. Chimba taratibu uone kama lina viazi vyeusi vilivyoungana kwa nyuzi. Kama havipo, ni ndagondago za mbegu tu, hizo ni rahisi.

La pili ni nyasi inayofanana na mpunga. Vuta jani lake chini, tazama pale linapoachana na shina. Mpunga una kiulimi cheupe chembamba kama karatasi, na masikio mawili madogo yenye vinyweleo yakilikumbatia shina. Nyasi ya mpungani, ile yenye kichwa cha mbegu ndogo za duara, haina ulimi wala masikio, pale ni patupu. Ukishaona mara moja hutasahau, na watoto wa nyumbani wataweza kukusaidia kuing'oa bila kung'oa mpunga.

La tatu ndilo ninaloliogopa. Kama nyasi ina ulimi, tena mrefu kuliko wa mpunga, usiseme "huu ni mpunga." Fukua mzizi. Ukikuta shina jeupe linalolala chini ya ardhi, lenye vifundo, linatoka kwenye kichaka hiki kwenda kile, basi huo ni mpunga mwitu. Ng'ombe wanaupenda na viboko wanaupenda, na wewe unalala njaa. Ni ndugu wa damu wa mpunga wako, na kwa mbegu tunazopanda huku hakuna dawa ya kupuliza juu ya vyote viwili ikaua mmoja na kumwacha mwingine. Mtu akikuuzia dawa "ya mpunga mwitu" uipulize mpunga ukiwa shambani, mrudishie chupa yake.

Kwa hiyo msimu huu ningekuwa mimi, chupa ningezifunga. Mpunga una siku 38, umejeruhiwa, na zile wiki sita za mwanzo ambazo magugu hunyang'anya mavuno kuliko wakati mwingine wowote zimekaribia kwisha. Ita watu, palilieni kwa mkono mara moja, sasa, mkianza na sehemu ambazo mpunga umepona vizuri. Sehemu iliyokufa kabisa usiipalilie, utapoteza siku za watu bure. Fyeka magugu yake kabla hayajaweka mbegu. Mpunga mwitu ukate kichwa mara unapochanua, maana mbegu zake hupukutika kabla mpunga wako haujaiva. Ukisubiri siku ya kuvuna, zimeshalala ardhini zikingoja mwakani.

Jirani anaweza kukushauri upulize 2,4-D sasa hivi kwa majani mapana. Ni dawa nzuri kwa kazi hiyo, inaua majani mapana na ndago kadhaa, na ni rahisi. Lakini ina dirisha lake: mpunga uwe umeshaanza kuchipua machipukizi ya pembeni, na uwe haujaanza kutunga suke ndani ya shina. Ukiwahi, majani yanajiviringa kama ya kitunguu. Ukichelewa, masuke yanatoka matupu. Mpunga wako ambao umeshtuka siwezi kukuhakikishia uko dirishani. Halafu kuna upepo. Wakati huu kusi imeshashika. Pamba hukunjamana kwa chembe ndogo mno za 2,4-D, na Lamu ni nchi ya pamba. Ufuta, kunde, mipapai na mihogo nayo haivumilii. Shamba la jirani likiharibika, kesi yake haitaishia kwa chifu.

Mimi nilijifunza kwa nyanya zangu. Niliazima pampu kwa jamaa, nikaisuuza mara moja kwa maji, nikapulizia dawa ya ukungu. Siku ya nne vilele vyote vimejikunja kama vidole vya mtu mwenye baridi yabisi. Pampu ilikuwa imepulizia 2,4-D wiki iliyotangulia, na masalio yalikaa kwenye mpira. Tangu hapo pampu yangu ya magugu nimeipaka alama nyekundu na haiguswi kwa kazi nyingine.

Sasa mwakani, na hapa ndipo pesa yako itafanya kazi. Anza kaskazi, Januari au Februari, ardhi ikiwa kavu. Lima kwa kina, geuza mashina ya mpunga mwitu na viazi vya ndago juu, yakaangwe na jua. Rudia baada ya wiki mbili tatu. Hili ni jembe au trekta, halina chupa, na litakusaidia kuliko chupa yoyote.

Mvua za kwanza zikinyesha, usikimbilie kupanda. Najua inauma kuona wenzako wanamwaga mbegu na wewe umekaa. Acha magugu yaote siku 14 hadi 20, mpunga mwitu ufike urefu wa shubiri, ndago ziwe na majani mengi mabichi. Hapo ndipo upige glifosati, kwa maji ya jabia, asubuhi kavu isiyo na dalili ya mvua kwa saa sita. Usiguse ardhi kwa wiki moja au zaidi, dawa ishuke hadi mashina ya chini. Watu hulima siku ya tatu wakiona majani hayajafa, wanakata njia ya dawa katikati.

Kisha pandikiza badala ya kumwaga. Miche ya wiki tatu, mstari kwa mstari, sentimita 20 kwa 20. Kwa ekari mbili ni kazi, siipunguzi. Lakini mche wa wiki tatu umeshayatangulia magugu, unaweza kuingiza maji ya sentimita tatu hadi tano yakazuia mbegu nyingi za nyasi zisiote, na kila kilichoota nje ya mstari unajua si chako, hata kama kina ulimi na masikio. Kwa mtu mwenye mpunga mwitu, hii pekee inatosha kuwa sababu.

Kama kupandikiza hakuwezekani, panda kwa mistari kwenye udongo mkavu, mbegu ifunikwe sentimita mbili au tatu, kisha pendimetalini ndani ya siku mbili au tatu, ardhi ikiwa na unyevu na mpunga haujachomoza. Inazuia nyasi zinapoota. Mbegu ya mpunga iliyobaki juu nayo itaizuia, kwa hiyo kwa kumwaga bila kufukia haifai. Magugu yatakayoponyoka utayapiga na bispiribaki nyasi zikiwa na majani mawili hadi manne, siku ya 15 hadi 20 hivi. Toa maji kwanza majani ya magugu yaonekane, puliza, rudisha maji baada ya siku mbili au tatu. Ndago za viazi zikisalia, bentazoni huzichoma na kuzipunguza, na maji yanayokaa huzinyima raha. Na usirudie dawa ya kundi moja kila msimu. Magugu machache yanayohimili ndiyo yatakayozaa.

Kipimo. Watu wengi hupima kwa kifuniko na kwa imani. Fanya hivi mara moja tu, na pampu yako, na mtu yule yule atakayepuliza. Pima mita 10 kwa 10 kwa kamba. Tia pampuni maji matupu, lita tano kamili, puliza eneo lile kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima yaliyobaki. Tuseme umetumia lita moja na nusu. Ekari moja ina vipande kama hivyo 40, basi utahitaji lita 60, pampu tatu za lita 20. Lebo ikisema nusu lita kwa ekari, kila pampu inapata mililita 167 hivi. Lakini soma vizuri kama lebo imesema ekari au hekta. Hekta ni ekari mbili na nusu. Ukisoma hekta ukadhani ekari, umetia dawa mara mbili na nusu, na huo nao ni mpunga wa kuungua.

Badilisha nozeli pia. Ile ya duara iliyokuja na pampu ni ya wadudu na ukungu, inatoa ukungu mwembamba unaopeperuka. Magugu yanataka nozeli bapa, inayotandaza kama upepeo, sentimita 50 juu ya magugu, bila kuzungusha mkono huku na huku. Puliza baina ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi, kabla upepo haujaamka. Majani ya nazi yakianza kucheza, tua pampu.

Vaa buti, glavu za mpira, shati la mikono mirefu na kitu cha kufunika pua na macho. Kikoi si vazi la kazi hii, na kijana utakayemlipa akija na ndala mrudishe akabadilishe. Glavu ni muhimu zaidi unapopima dawa kuliko unapopuliza, kwa sababu pale ndipo inapokuwa haijachanganywa na maji. Chupa tupu isuuze mara tatu, yale maji ya kusuuza yaingie pampuni, kisha itoboe. Usiiache mtu akaitia mafuta ya taa au asali. Na pampu usiioshe mferejini: maji ya bonde yanateremka hadi kwenye mikoko, na dawa kama pendimetalini ni sumu kubwa kwa samaki.

Siku ya kuvuna mwezi wa nane, mbegu ya mwakani ichukue upande ambao hukuona mpunga mwitu hata mmoja. Kama upande huo haupo, kula mpunga wako wote na ukanunue mbegu. Na yale magugu matatu niliyokuomba, yatie kwenye gunia lenye unyevu na udongo wake, uyapeleke kwa afisa wa kilimo wa wadi yenu kabla hayajanyauka. Ukikuta lile la tatu halina shina la chini ya ardhi, niandikie tena, maana hapo jibu langu la mwakani linabadilika na gharama yako inapungua.